Hipnosisi: Mambo ya kujua kabla ya kumwongoza rafiki yako kwa mara ya kwanza

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi miaka ya nyuma tunamkumbuka mtu wa mazingaombwe. Alikuja na sanduku lake, tukalipa kiingilio kidogo, akageuza karatasi kuwa noti na kuvuta utepe mrefu kutoka mdomoni. Tuliondoka tukiamini kwamba ana nguvu tusizokuwa nazo. Ndiyo maana neno hipnosisi likitajwa, picha inayotujia ni ya aina hiyo hiyo: mtu mwenye macho makali anamkazia mwenzake, mwenzake anadondoka, kisha anatii kila anachoambiwa.

Picha hiyo si sahihi. Hipnosisi ni njia ya kuongoza umakini wa mtu kwa maneno. Wapo madaktari na wanasaikolojia wanaoitumia kazini, na hatua zake za mwanzo zinaweza kujifunzwa na mtu yeyote mtulivu akiwa na rafiki aliyekubali, kiti na muda wa nusu saa. Katika makala hii tunaeleza hipnosisi ni nini, ilitoka wapi, anayeanza afuate hatua zipi na asivuke mpaka upi. Tunaomba usiishie kwenye hatua za kufanya. Suala la mipaka ndilo linaloamua kama rafiki yako atainuka kwenye kiti akiwa mchangamfu au akiwa na mzigo ambao hakuja nao.

Hipnosisi ni nini hasa?

Ni hali ambayo mtu anaelekeza umakini wake kwenye jambo moja, mambo ya pembeni yanafifia, naye anakuwa mwepesi zaidi kuitikia mapendekezo. Pendekezo ni maneno yanayomwalika aone, asikie au ahisi kitu fulani: kwamba mkono umekuwa mzito, kwamba anapigwa na upepo wa bahari, kwamba mabega yameachia.

Hali inayokaribiana na hiyo tunaijua sote. Abiria aliyezama kwenye mawazo ndani ya daladala hadi akapitiliza kituo chake, au mama aliyenogewa na mchezo wa redio mpaka maziwa yakafurika jikoni, wote walikuwa macho lakini akili yao ilikuwa imeshikwa na jambo moja.

Kwa hiyo hipnosisi si usingizi wala kuzimia. Aliye katika hali hiyo kwa kawaida anasikia, anajua yuko wapi, anaweza kukataa asichokitaka na anaweza kufumbua macho akiamua. Anayeongoza hana uwezo wa kipekee. Kazi kubwa inafanywa na anayeongozwa, kwa kukubali kufuata maneno na kuyapa sura kichwani mwake.

Watu pia hawafanani. Mwaka 1959 wanasaikolojia André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kipimo chenye vipengele 12 cha kupima jinsi mtu anavyoitikia mapendekezo. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba katika kila watu 100, kati ya 10 na 15 huitikia kwa nguvu, idadi kama hiyo huitikia kidogo sana, na waliobaki wako katikati. Ukimjaribu rafiki yako na pasitokee kitu, haina maana kwamba umekosea wala kwamba yeye ni mkaidi.

Ilitoka wapi?

Daktari Franz Anton Mesmer, aliyekuwa akifanya kazi Vienna, alihamia Paris mwaka 1778. Alidai kwamba mwilini mna nguvu fulani ya sumaku, na kwamba yeye anaweza kuielekeza ili kuponya. Wagonjwa walimiminika, wengine wakitetemeka na kupiga mayowe. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya wataalamu kuchunguza madai hayo, akiwemo Mmarekani Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier. Tume iligundua kwamba mtu akiamini ametiwa sumaku hubadilika hata kama hakufanyiwa lolote, na akifanyiwa bila kujua, habadiliki. Ikahitimisha kwamba nguvu ya Mesmer haipo na kwamba kinachofanya kazi ni fikra za mgonjwa.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa mtu wa ng'ambo ya pili ya bahari yetu. José Custódio de Faria, padri aliyezaliwa Goa mwaka 1756 na kujulikana kama Abbé Faria, alifanya maonyesho Paris kuanzia mwaka 1813. Alisema wazi kwamba hakuna kinachotoka kwake kwenda kwa mwenzake, na kwamba kila kitu kinatokea ndani ya yule anayeongozwa. Leo sanamu yake iko mjini Panaji, Goa.

Jina tunalotumia lilienezwa na James Braid, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti aliyeishi Manchester. Mwaka 1841 alihudhuria onyesho la Mfaransa Charles Lafontaine akiwa na nia ya kumuumbua. Aliondoka akiamini kwamba kuna jambo la kweli, ila maelezo yake ndiyo yenye makosa. Alijaribu mwenyewe kwa kumwambia mtu akazie macho kitu kinachong'aa kilichoinuliwa kidogo juu ya usawa wa macho. Mwaka 1843 alichapisha kitabu na kutumia jina lililotokana na Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki wa kale. Baadaye aligundua kwamba hali hiyo si usingizi, akataka kubadilisha jina, lakini lilikuwa limeshazoeleka.

Kipindi hicho hicho daktari James Esdaile alikuwa Hooghly, Bengal. Kuanzia mwaka 1845 aliwapasua wagonjwa wenye uvimbe mkubwa wa korodani, ugonjwa unaofahamika vizuri katika pwani yetu kwa majina ya mabusha na matende, bila dawa ya ganzi, kwa kuwatuliza kwanza kwa njia zilizotokana na za Mesmer. Mwaka 1846 dawa ya etha ilionyeshwa hadharani Boston, na njia ya Esdaile ikasahaulika. Ilirudi hospitalini taratibu. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hipnosisi ilipunguza mateso ya wagonjwa wenye maumivu sugu ya utumbo, na huko Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1992 madaktari wameitumia pamoja na ganzi ya sehemu moja katika upasuaji.

Je, mtu anaweza kupumbazwa barabarani akatoa fedha zake?

Swali hili tunakutana nalo mara nyingi. Mtu amesimamishwa na watu asiowajua, ameongea nao dakika chache, na baadaye anajikuta ametoa simu, pochi na namba ya siri. Anasema amepumbazwa.

Hipnosisi tunayoieleza hapa inahitaji ushirikiano na utulivu, na haifanyi kazi kwa kushikana mkono wala kutazamana mara moja. Matapeli wana silaha nyingine: wanakuharakisha, wanakutamanisha faida, wanapanga wenzao wajifanye wapita njia waliofaidika, na wanakutenga na mtu ambaye angekushauri. Wengine hutia dawa kwenye kinywaji au chakula. Tofauti hii ina uzito. Aliyewekewa dawa anahitaji hospitali haraka, na aliyetapeliwa anahitaji kufungia laini yake ya simu na kutoa taarifa polisi. Wote wawili wakiambiwa tu kwamba wamepigwa kiini macho, wanabaki nyumbani na aibu yao.

Kabla ya kuanza: ruhusa na maswali

Rafiki yako akubali kwa kinywa chake, bila kusukumwa na kundi. Mweleze utafanya nini, kwa muda gani na utatoa mapendekezo gani. Mwambie kwamba akitaka kuacha, afumbue macho tu, naye hatadaiwa maelezo. Ni vizuri mtu wa tatu mnayemwamini wote awepo, hasa mkiwa mwanamume na mwanamke.

Muulize pia maswali haya. Je, amewahi kuugua ugonjwa wa akili uliomfanya asikie sauti au aone vitu ambavyo wengine hawavioni? Je, ana kifafa au huzimia? Je, amepita katika tukio la kutisha, kama ajali, ukatili au vita, ambalo bado linamrudia? Je, amekunywa pombe au ametumia kilevi leo? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, msiendelee. Usiwajaribie watoto. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1952 inayosimamia maonyesho ya hipnosisi inakataza hata kumpandisha jukwaani mtu aliye chini ya miaka 18.

Mwisho, muulize anaogopa nini. Aliyenusurika kuzama hapelekwi ufukweni kwa mawazo, na mwenye hofu ya vimo hashushwi ngazi.

Mazoezi mawili ya kupasha moto

Zoezi la kwanza ni la ndimu. Mwambie afumbe macho, aone ndimu mbichi kiganjani, aikate kwa kisu, asikie harufu yake, kisha aiume. Watu wengi mate huwajaa. Mwonyeshe alichokifanya: ametumia picha tu na mwili umeitikia. Hiyo ndiyo hipnosisi kwa udogo wake.

La pili ni la pete na uzi. Ashike uzi wenye pete inayoning'inia na kuwaza kwamba pete inayumba kulia na kushoto, bila kuisogeza kwa makusudi. Muda si mrefu huanza kuyumba. Mwanasayansi Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza mwaka 1833 kwamba anayeshika uzi ndiye anayeisogeza, kwa misuli midogo inayofuata wazo bila yeye kutambua.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni mahali. Tafuta chumba tulivu na kiti imara chenye egemeo. Miguu ikanyage chini, mikono ikae mapajani. Simu zizimwe. Kelele za nje haziwezi kuisha, kwa hiyo zitaje: "Utasikia bodaboda na watoto wakicheza, na sauti hizo zinapita tu."

Hatua ya pili ni macho. Mchagulie alama ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho yake, kisha sema polepole: "Tazama alama ile. Vuta pumzi taratibu, ishushe. Kila unaposhusha pumzi, mabega yanashuka nayo. Huna haja ya kulazimisha chochote. Kope zikitaka kufumba, ziache zifumbe." Macho yaliyoinuliwa huchoka haraka, na wewe unataja kile ambacho tayari kimeanza kutokea. Zikipita dakika tatu bila kufumba, mwambie: "Sasa unaweza kufumba macho."

Hatua ya tatu ni mwili. Pita kiungo kimoja kimoja kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu: taya linaachia, shingo inalegea, mikono inakuwa mizito. Usikimbie. Kila kiungo kipe pumzi mbili au tatu. Utaona dalili: pumzi inakuwa ndefu, kope zinatetema kidogo, uso unalainika, kumeza mate kunapungua.

Hatua ya nne ni kuzamisha utulivu. "Nitahesabu kutoka kumi kurudi moja. Kila namba inakuongezea utulivu. Kumi... tisa..." Kama anapenda bahari, mpeleke ufukweni jioni, jua limepoa, maji yanakupwa taratibu. Kama ni mtu wa bara, mpe kivuli cha mwembe baada ya kazi za shamba. Picha anayoijua humfaa kuliko picha nzuri ya mahali asipopajua.

Hatua ya tano ni mapendekezo. Anza na jambo dogo: "Mkono wako wa kulia unazidi kuwa mzito, kama umebeba ndoo ya maji." Ukiona umetulia mahali pake, mpe pendekezo moja lenye faida ambalo mlikubaliana mapema, kwa mfano kwamba akivuta pumzi tatu kabla ya mtihani au usaili atakumbuka utulivu huu. Moja linatosha kwa siku ya kwanza.

Hatua ya sita ni kumrudisha, nayo isirukwe. Kwanza ondoa ulichoweka: "Mkono wako umerudi kuwa mwepesi kama kawaida." Kisha: "Nitahesabu kutoka moja hadi tano. Nikifika tano utafumbua macho ukiwa mchangamfu. Moja, mbili, nguvu inarudi miguuni. Tatu, vuta pumzi kubwa. Nne. Tano, fumbua macho." Ongeza sauti na mwendo kadiri unavyohesabu. Mpe maji, muulize anajisikiaje, mwache atembee chumbani. Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka awe mchangamfu kabisa.

Namna ya kusema

Sauti inayofaa inafanana na ya mtangazaji wa kipindi cha usiku: ya chini, isiyo na haraka, yenye vituo. Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu kina vitenzi vinavyoonyesha jambo likitokea lenyewe: unalegea, unatulia, unazama, unazidi. Tumia pia "kadiri unavyosikia sauti yangu, ndivyo mwili unavyopumzika", maana inaunganisha jambo ambalo ni kweli na lile unalolitaka.

Epuka kukanusha. Ukisema "usiogope", umeitaja hofu. Sema "uko salama". Epuka pia amri kavu, hasa kama anayeongozwa amekuzidi umri. Mwite kama unavyomwita siku zote: "Ukiwa tayari, dada, unaweza kufumba macho." Heshima aliyoizoea ikiondoka ghafla, utulivu nao huondoka.

Mambo yakienda tofauti

Akicheka, mwache acheke, kisha endelea. Akilala usingizi wa kweli, mwite kwa jina au mguse bega, ambalo mmekubaliana mapema kwamba unaweza kuligusa. Akichelewa kufumbua macho, usipige kelele wala kumtikisa. Kwa kawaida amenogewa na mapumziko. Mwambie muda umekwisha na urudie kuhesabu kwa sauti ya uchangamfu.

Akianza kulia au kupumua kwa kasi, usichimbe sababu. Mwambie: "Uko hapa nami, uko salama, hayo yanapita." Mrudishe kwa kuhesabu, kisha kaa naye. Kama huzuni haiishi, msindikize kwa daktari au mshauri nasaha, wala usirudie zoezi kwa lengo la kumtibu.

Mipaka isiyovukwa

Usijaribu kutibu. Maumivu ya mara kwa mara yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa, na kuyanyamazisha bila kujua chanzo ni kuchelewesha matibabu. Sonona, hofu kali na ulevi vina wataalamu wake.

Usitafute kumbukumbu zilizopotea. Hili ndilo kosa linaloacha madhara makubwa kuliko yote. Mtu katika hipnosisi anaweza kuunda kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, na akaiamini kwa dhati kwa sababu anaiona waziwazi. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la California ilikataa ushahidi wa shahidi aliyekumbushwa kwa hipnosisi, kwa sababu hiyo hiyo. Ukimuuliza rafiki yako nani alimwibia, au nani alimdhuru utotoni, unaweza kumpa jina la ndugu asiye na hatia, na familia ikavunjika kwa jambo ambalo halikuwahi kuwepo.

Usimuulize siri zake, usimguse mahali ambapo hamkukubaliana, usimfanye kichekesho. Usimrekodi na kumsambaza kwenye simu bila idhini aliyoitoa akiwa macho wazi, kabla na baada. Usijaribu michezo ya majukwaani, kama kumlaza mtu kati ya viti viwili akiwa amekakamaa, kwani mgongo unaweza kuumia.

Tunapendekeza pia mbadilishane nafasi. Aliyewahi kukaa kwenye kiti kile macho yakiwa yamefumba, akisikia sauti ya mwenzake tu, huelewa haraka kwa nini neno moja la haraka linakwaza na kwa nini kimya cha pumzi mbili kinatuliza. Mkimaliza, zungumzeni: lipi lilisaidia, lipi liliudhi, lipi lisirudiwe. Majibu ya rafiki yako ndiyo yatakayokuonyesha cha kurekebisha siku mtakayorudia.